Kupima nguvu ya biogesi kwa kihisi kidogo, kwa hesabu za Dodoma

Una mtambo wa kinyesi cha ng'ombe, tuseme Bahi au Chamwino, na unataka kujua gesi yako ina nishati kiasi gani kabla ya kuiunganisha na jenereta. Vihisi hivi hupima hata gesi asilia, ila ile ina ethani na gesi nyingine ndani, kwa hiyo usiazime namba za hapa.

Hatua ya 1: Kihisi. Chukua cha upitishaji joto. Ndani kuna uzi mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Biogesi ni hasa methani, inayowaka, na kabonidioksidi, isiyowaka. Methani huondoa joto karibu mara mbili ya kabonidioksidi, hivyo uzi ukipoa zaidi, methani ni nyingi.

Hatua ya 2: Safisha gesi. Ipitishe kwenye chupa yenye stili waya za kusugulia sufuria zilizoshika kutu, zinase haidrojeni salfaidi (gesi ya sumu yenye harufu ya mayai yaliyooza), kisha kwenye silika jeli ili ikauke. Fanyia nje, mbali na moto. Pua usiitegemee: haidrojeni salfaidi ikizidi huacha kunusika, na inaua.

Hatua ya 3: Sahihisha kihisi kwa kabonidioksidi tupu, kisha kwa mtungi wa mchanganyiko unaojulikana, mfano methani asilimia 60. Mtungi huo ni ghali, mafundi mchangiane. Hapa ndipo wengi hudanganyika: hewa ya kawaida hupitisha joto karibu sawa na biogesi nzuri. Bomba likivuta hewa, kihisi kitakuonyesha namba ya kupendeza huku jiko haliwaki. Kaza viungio, uvipake povu la sabuni, na uache gesi itoke kidogo kabla ya kusoma.

Hatua ya 4: Hesabu. Mita moja ya ujazo ya methani, kwa nyuzi 0 na mgandamizo wa hektopaskali 1013, hutoa megajuli 35.8. Dodoma iko juu, mita 1,100 na ushei, na mgandamizo wake huwa karibu 885. Kwa methani asilimia 60 na gesi ya nyuzi 30 (nyuzi 0 na 30 ni 273 na 303 kwa kipimo cha kelvini), kila mita ya ujazo hutoa:

0.60 × 35.8 × (273 ÷ 303) × (885 ÷ 1013) = megajuli 16.9

Ukiruka masahihisho hayo utaandika 21.5, na mteja atanunua jenereta ambayo gesi yake haiwezi kuilisha. Mgandamizo usome kwenye baromita yako mwenyewe. Namba za taarifa za hali ya hewa kwa kawaida zimeshageuzwa kuwa za usawa wa bahari.