Jinsi ya kupima mtiririko wa damu kwenye kigasha na kuuhusisha na utimamu wa mwili

Kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, ni mahali pazuri pa kuchunguzia mishipa ya damu, kwa kuwa kinafikika bila sindano na misuli yake haibebi uzito wa mwili. Mkimbiaji akionekana kuwa na mishipa mizuri ya kigasha, ni vigumu kusema kwamba ni kwa sababu misuli hiyo ndiyo iliyokuwa ikikimbia. Njia ninayoieleza hapa ni plethismografia ya kuziba vena, yaani kupima badiliko la ujazo wa kiungo huku mishipa inayorudisha damu moyoni ikiwa imezibwa, ambayo Hewlett na van Zwaluwenburg waliielezea mwaka 1909 na ambayo mantiki yake haijabadilika: ukiizuia damu isitoke kwenye kigasha huku ukiiacha iendelee kuingia, kigasha kitavimba kwa kasi ileile ambayo damu inaingia.

Hatua ya 1: Kumwandaa mpimwa

Mpimwa afike akiwa hajala kwa angalau saa sita, hajanywa kahawa wala kuvuta sigara, na hajafanya mazoezi mazito tangu siku iliyotangulia. Alale chali dakika 15 hadi 20 katika chumba tulivu chenye joto lisilobadilika, kwa sababu baridi hubana mishipa ya ngozi na joto huipanua. Usitumie mkono uliofanyiwa upasuaji wa kutoa tezi za limfu, wenye mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya kusafisha damu, au uliowahi kuganda damu. Chagua mkono usiotumika sana. Sababu yake itaonekana mbele.

Hatua ya 2: Kufunga mikanda na geji

Inua mkono juu ya sponji hadi kigasha kiwe juu kidogo ya usawa wa moyo, ili vena zijimwage zenyewe kati ya kipimo na kipimo. Funga mkanda mpana wa hewa juu ya kiwiko, mkanda mwembamba kwenye kifundo, kisha geji mahali ambapo kigasha ni kinene zaidi. Geji hii, iliyoletwa na Whitney mwaka 1953, ni mrija mwembamba wa silikoni uliojazwa zebaki, au siku hizi mchanganyiko wa indiamu na galiamu; unapovutika, ukinzani wake wa umeme huongezeka. Chagua geji iliyo fupi kuliko mzingo wa kigasha kwa sentimita moja au mbili, ili ikae bila kulegea na bila kuacha alama kwenye ngozi.

Inafaa kujua udogo wa kitu kinachopimwa. Ujazo hubadilika takriban mara mbili ya asilimia ya badiliko la mzingo. Kwa kigasha chenye mzingo wa sentimita 25 na mtiririko wa mililita 3 kwa kila mililita 100 za tishu kwa dakika, ujazo huongezeka kwa asilimia 0.5 katika sekunde 10, na mzingo kwa takriban milimita 0.6 tu. Kidole kikitikisika, kipimo kimeharibika.

Hatua ya 3: Mtiririko wa mapumziko

Jaza mkanda wa kifundo hadi milimita 200 za zebaki au zaidi, alimradi upite shinikizo la juu la mpimwa, na usubiri dakika moja. Kiganja kina njia nyingi za mkato kati ya ateri na vena za ngozi, na kisipotengwa kitachafua matokeo. Kisha jaza mkanda wa juu hadi milimita 40 au 50 kwa sekunde 10, uachie kwa sekunde 5, na urudie mzunguko huo kwa dakika mbili au tatu. Chukua wastani wa mizunguko iliyo safi. Pima pia shinikizo la damu kwenye mkono wa pili.

Hatua ya 4: Mtiririko wa kilele

Achia mikanda yote, mpe mpimwa nafasi ya kupumua, kisha jaza mkanda wa juu hadi milimita 50 juu ya shinikizo lake la juu na uuache hivyo kwa dakika tano. Mwambie mapema kwamba mkono utakufa ganzi na kwamba ganzi hiyo itapita. Dakika ya nne ikitimia, jaza mkanda wa kifundo; ya tano ikitimia, achia mkanda wa juu na uanze mizunguko mara moja, ukiendelea kwa dakika tatu. Kipimo cha kwanza kinatakiwa ndani ya sekunde chache, kwa kuwa kilele hakisubiri.

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Wakati wa mapumziko mstari wa grafu unaoonyesha ujazo wa kigasha hupanda polepole ukiwa umenyooka, hivyo unaweza kuupima karibu wote; mteremko wake ndio mtiririko. Baada ya kuachia, damu huingia kwa kasi mara kumi hivi, vena hujaa ndani ya sekunde chache, na mstari huanza kupinda na kulala. Anayepima mteremko wa sekunde zote 10 atapata namba ndogo kuliko ukweli, na upungufu huo utakuwa mkubwa zaidi kwa wenye mishipa bora, yaani walewale anaotaka kuwatofautisha. Pima mapigo mawili au matatu ya kwanza tu, baada ya kuruka mshtuko unaosababishwa na mkanda wenyewe kujaa. Mimi niliwahi kufurahia kilele cha ajabu kwa kijana mmoja, mpaka nilipotazama video na kuona kwamba alikuwa akikunja ngumi kila mkanda ulipojaa.

Gawanya mtiririko kwa wastani wa shinikizo la ateri, ambao ni shinikizo la chini pamoja na theluthi moja ya tofauti kati ya la juu na la chini. Kwa mtu mwenye 120/80, wastani ni takriban 93; mtiririko wa 28 unatoa upitishaji, yaani mtiririko kwa kila milimita ya shinikizo, wa 0.30. Bila hesabu hii, mwenye shinikizo kubwa ataonekana ana mishipa mizuri kumbe anasukumiwa damu kwa nguvu tu.

Hatua ya 5: Kipimo cha utimamu

Siku nyingine, pima kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni kwa baiskeli ya mazoezi au mashine ya kukimbilia, ukiongeza mzigo hatua kwa hatua hadi mpimwa ashindwe kuendelea. Pima pia nguvu ya kushika kwa mkono, kwa kifaa kiitwacho dinamometa. Utafiti wa mwaka 1986 kwa wachezaji wa tenisi uliwakuta na upanukaji mkubwa zaidi wa mishipa katika kigasha cha mkono wa kuchezea. Mazoezi ya mahali pamoja hubadilisha mishipa ya hapohapo, na ndiyo maana nilisisitiza mkono usiotumika sana.

Hatua ya 6: Kuunganisha vipimo viwili

Kabla ya kuchora grafu, angalia umri. Utimamu hushuka kadiri miaka inavyosogea, na mishipa hupoteza uwezo wake vilevile. Ukichanganya watu wa miaka 20 na wa miaka 70 utapata uhusiano mzuri hata kama mazoezi hayahusiki. Vilevile, oksijeni ikigawanywa kwa kilo za mwili, mafuta huingia kwenye hesabu kimyakimya, hivyo ni bora kuonyesha pia thamani isiyogawanywa.

Angalia pia usidai zaidi ya ulichopima. Kilele baada ya kuziba dakika tano huonyesha hasa uwezo wa mishipa midogo kupanuka, si afya ya endotheli, yaani utando wa ndani ya mshipa unaotoa oksidi ya naitriki. Anayetaka kuujua utando huo kwa njia hii huhitaji asetilikolini, kemikali inayouchochea utando huo, inayoingizwa kwenye ateri ya mkono, kazi ambayo ni ya daktari mwenye idhini ya kamati ya maadili. Na ikiwa swali lako ni kama mazoezi ndiyo yaliyoleta tofauti, wapime watu walewale kabla na baada ya wiki 8 hadi 12 za mazoezi, pamoja na kundi lisilofanya mazoezi, kwa saa ileile ya siku na geji ikiwa imefungwa umbali uleule kutoka kiwiko, uliouandika siku ya kwanza.