Manyoya ya Shih Tzu: Kazi Kubwa Hufanywa Kabla ya Maji

Shih Tzu ni mbwa mdogo ambaye uzito wake kwa kawaida hauzidi kilo 8, lakini manyoya yake yakiachwa yakue bila kukatwa hufika sakafuni. Manyoya hayo yana tabaka mbili: la juu ni refu na linateleza mkononi, la chini ni fupi, laini na lenye kushikana. Yanayong'oka hayaangukii zulia na makochi kwa wingi, bali hunaswa katika yale yaliyobaki na kukaa humo hadi mtu ayatoe. Ndiyo maana nyumba yenye Shih Tzu hubaki safi, na ndiyo maana pia mbwa asiyechanwa hujaa mafundo kwa muda mfupi.

Wengi wanaoniletea mbwa hawa niwahudumie hapa Nairobi huwa wamewaogesha mara kwa mara, tena kwa shampuu nzuri, wakiamini kwamba usafi huzuia mafundo. Maji hayafungui fundo. Likilowa, manyoya hujisokota zaidi, na likikauka hukaza na kuvuta ngozi iliyo chini yake. Mbwa akiogeshwa mara mbili tatu kwa namna hiyo, mafundo madogo huungana yakawa kitu kimoja kisichochanika tena, ambacho dawa yake ni kunyoa tu. Kwa sababu hiyo nimekaa zaidi kwenye kazi ya kabla ya maji, kwa kuwa anayeimudu hiyo ameshamaliza sehemu ngumu.

Vifaa na mahali pa kazi

Unahitaji brashi ya pini ndefu, brashi ya nyaya nyembamba zilizopinda, kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na meno ya karibu karibu upande wa pili, mkasi wenye ncha butu, kikata kucha cha mbwa, chupa ya kupulizia maji, shampuu na kondishona za mbwa, mataulo mawili, pamba, wanga wa mahindi, na mashine ya kukaushia nywele ambayo joto lake linaweza kupunguzwa. Kama fedha hazitoshi kununua vyote kwa pamoja, anza na kitana cha chuma. Kitana cha plastiki hupinda kikikutana na fundo, kikapita juu yake na kukudanganya kwamba umemaliza.

Mweke mbwa juu ya meza imara iliyotandikwa mpira au mkeka usioteleza, na mkono wako mmoja usitoke mwilini mwake muda wote. Usimwache juu ya meza hata kwa kwenda kuchukua taulo, kwani mbwa mwenye mifupa midogo akiruka kutoka kimo hicho anaweza kuvunjika mguu. Mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa mapema, kwa dakika chache kila siku, akiguswa makucha, masikio na mdomo, kisha apewe kitu anachokipenda kabla hajachoka.

Hatua ya kwanza: mkague kwa vidole

Kabla ya kushika brashi, pitisha vidole hadi kwenye ngozi, kuanzia kichwani hadi mkiani. Tafuta mafundo nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena, chini ya ukanda wa shingoni, nyuma ya mapaja na katikati ya vidole. Hizo ndizo sehemu zinazosuguliwa au kulowa kila siku. Aliyetoka kucheza kwenye nyasi huwa amebeba mbegu za kishona nguo, nazo zitolewe moja moja kwa mkono, maana brashi huzisukuma ndani na kila mbegu ikageuka kiini cha fundo jipya.

Katika ukaguzi huu ndipo kupe huonekana, hasa ndani ya masikio, shingoni na katikati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye huweza kuzaliana hata ndani ya nyumba, hueneza vijidudu vya Ehrlichia na Babesia, vinavyoleta magonjwa yanayoweza kumuua mbwa. Mbane kupe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumpindisha, na usimpake mafuta ya taa wala kumchoma. Ukiona ufizi umepauka, mbwa amepoteza hamu ya kula au ana homa, acha kazi ya manyoya umpeleke kwa daktari wa mifugo. Wapo wanaompaka mbwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo. Kwa mbwa wa kilo 5 jambo hilo ni hatari kweli, ilhali zipo dawa za kupe zilizopimwa kwa uzito wake. Dawa nyingi za matone zinazowekwa mgongoni hudai mbwa asiogeshwe siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuwekewa, kwa hiyo soma maelekezo ya pakiti upange siku ya kuoga.

Hatua ya pili: mchane mstari kwa mstari hadi kwenye ngozi

Manyoya makavu kabisa hukatika yakichanwa. Changanya kondishona kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji, uipulizie sehemu unayotaka kuifanyia kazi, iwe na unyevu kidogo tu bila kulowa.

Mlaze mbwa ubavu. Kwa mkono wa kushoto, inua manyoya yote ya ubavuni uyaelekeze juu, uyashike hivyo, kisha shusha utepe mwembamba wa chini kabisa, karibu na tumbo, hadi uone mstari wa ngozi. Chana utepe huo kwa brashi ya pini, ukianza nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea kwenye ngozi. Ukipita bila kukwama, shusha utepe mwingine juu ya ule wa kwanza, na uendelee hivyo hadi ufike mgongoni. Katika kila utepe, ngozi lazima ionekane. Usipoiona, unachana tabaka la juu peke yake, huku lile la chini likiendelea kushikana mahali ambapo jicho halifiki. Mbwa aliyechanwa juu juu hung'aa na kupendeza, lakini ukimshika kwapani utakuta kitu kigumu kimejificha.

Miguu ichanwe hivyo hivyo kuanzia kwenye vidole kwenda juu, na mkia kuanzia nchani. Brashi ya nyaya itumike kwa mkono mwepesi sana, maana nyaya zake zikirudiwa mahali pamoja hukwaruza ngozi na kuiacha nyekundu. Ijaribu kwanza kwenye mkono wako upande wa ndani, ujue nguvu inayofaa.

Baada ya brashi hufuata kitana cha chuma, ambacho ndicho hakimu. Kipitishe kwa upande wa meno mapana, halafu kwa upande wa meno ya karibu, kuanzia kwenye ngozi hadi nchani. Mahali kinapokwama pana fundo, hata kama brashi ilipita. Sehemu yoyote ambayo kitana hakijapita haiko tayari kwa maji.

Hatua ya tatu: kufungua mafundo

Fundo dogo lifunguliwe kwa vidole kabla ya chombo chochote. Linyunyizie wanga wa mahindi kidogo, ambao hufanya nyuzi ziteleze, kisha lipanue kwa kuvuta pande mbili za fundo polepole, ukiligawa mara mbili, kisha mara nne. Shika shina la manyoya kati ya fundo na ngozi, kama unavyoshika nywele za mtoto unapomchana, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako. Halafu ingiza jino la mwisho la kitana kwenye ncha ya fundo uchambue nyuzi chache chache, ukirudi ndani kidogo kidogo.

Fundo gumu lisilopitisha hata jino la kitana lisivutwe, bali likatwe, na hapa ndipo ajali nyingi hutokea. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na hunyanyuka pamoja na fundo, hata unachodhani ni manyoya kikawa ni ngozi yenyewe. Telezesha kitana kati ya fundo na ngozi, kikae bapa mwilini, ndipo ukate kwa mkasi juu ya kitana. Kitana kikikataa kuingia, mkasi usitumike kabisa. Hilo ni la mashine ya kunyolea, na kama mafundo yameenea mwili mzima, mpeleke kwa mtaalamu au daktari wa mifugo. Mimi huwashauri wenye mbwa wa namna hiyo wakubali anyolewe wote, kwa sababu manyoya yataota tena, lakini kumvuta saa nzima humfundisha kuiogopa meza maisha yake yote.

Kati ya miezi 8 na mwaka mmoja hivi, manyoya ya utotoni hubadilika kuwa ya utu uzima, na mafundo huzidi maradufu. Katika kipindi hicho mchane kila siku bila kuruka.

Hatua ya nne: kucha, masikio na macho

Kucha hukatwa kabla ya kuoga ili damu, ikitokea, isafishwe papo hapo. Kwenye ukucha mweupe utaona nyama ya ndani kwa rangi yake ya waridi, nawe ukate mbele yake. Ukucha mweusi ukatwe vipande vyembamba sana, ukitazama uso wa mkato baada ya kila kipande. Ukiona doa la kijivu au jeusi lenye unyevu katikati, simama. Damu ikitoka, bonyeza wanga wa mahindi kwenye ncha kwa dakika chache. Usisahau ukucha wa ndani ya mguu wa mbele, ule usiogusa ardhi, kwa kuwa hausagiki na unaweza kujikunja hadi ukaingia nyamani.

Njia ya sikio la mbwa hushuka kisha hupinda, kwa hiyo kijiti cha pamba husukuma uchafu ndani zaidi. Futa sehemu unayoiona tu. Harufu mbaya au uchafu wa kahawia ni mambo ya daktari.

Macho ya Shih Tzu ni makubwa na yametokeza, na unywele mmoja unaoelekea ndani unaweza kuyachubua hadi yakapata kidonda. Kila siku futa tongo kwa pamba iliyolowekwa maji safi ya uvuguvugu, ukitumia kipande kipya kwa kila jicho. Tongo iliyokauka ilowekwe kwa pamba hiyo hadi ilainike. Jicho likifumbwa nusu, likitoa machozi mengi au likipata ukungu, mbwa amwone daktari siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: kuoga

Tia pamba kavu mlangoni mwa masikio, usiisukume ndani, na uitoe baadaye. Maji yawe ya uvuguvugu usiochoma upande wa ndani wa kiwiko chako. Anza shingoni kwenda mkiani. Uso usafishwe mwisho kwa kitambaa. Shampuu ichanganywe na maji kwenye kikombe ili isambae, na uikamue kupitia manyoya kwa kufuata yanavyolala, bila kusugua kwa kuzungusha, kwa kuwa mzunguko ndio unaosokota.

Sabuni ya mche na shampuu ya watu hazifai, maana ngozi ya mbwa haina asidi nyingi kama yetu, na sabuni hizo huikausha. Dawa za kusafishia sakafu zisitiwe katika maji yake kamwe, kwani mbwa hujilamba. Paka kondishona, kisha suuza hadi maji yanayotiririka yawe safi kabisa, na ukidhani yametosha, suuza tena. Mabaki ya shampuu ndiyo chanzo cha mikuno mingi inayodhaniwa kuwa ni ugonjwa. Kila baada ya wiki 3 hivi inatosha kwa mbwa anayeishi ndani.

Hatua ya sita: kukausha

Bonyeza maji kwa taulo, usisugue. Kisha tumia mashine kwa joto la chini, ukiiweka mbali kidogo na ngozi na kuihamisha bila kusimama, huku mkono wa pili ukichana utepe kwa utepe kama ulivyofanya mwanzo. Mbwa wa pua fupi hupoza mwili kwa shida. Akianza kuhema kwa nguvu, zima mashine na umpe maji. Usimwache akauke mwenyewe. Mwezi wa Julai Nairobi atatetemeka, na kule Mombasa au Dar es Salaam unyevu wa hewa huacha tabaka la chini likiwa bichi hadi jioni, jambo linaloweza kuleta vidonda vya ngozi.

Hatua ya saba: kupunguza manyoya

Kata yakiwa makavu na yamechanwa tu. Manyoya ya chini ya wayo yasawazishwe na vijinyama vyake, bila kuchimba katikati. Yanayozunguka sehemu ya haja yafupishwe. Karibu na jicho, mkasi ulale sambamba na pua, ncha yake isielekee jichoni hata mara moja, na mkono wa kushoto ukishika kidevu. Ukitaka kufunga kishungi utosini, tumia mpira laini usiovuta ngozi ya paji, nao utolewe kila siku kwa kukatwa, usivutwe.

Kwa familia zenye bustani na muda mchache, mimi napendelea manyoya ya sentimita 2 au 3 mwili mzima. Mbwa hachukii urefu huo, na kuchana mara tatu kwa wiki kunatosha, wakati manyoya marefu yanadai kila siku bila kukosa.

Ukimaliza, toa manyoya yaliyonasa kwenye brashi, osha vitana kwa maji ya moto na sabuni, vikaushe vizuri visipate kutu, na mkasi huo usikate kitu kingine chochote nyumbani, kwa sababu mkasi butu huvuta manyoya badala ya kuyakata.