Kabla Mtoto Hajafika Stendi: Namna ya Kuitafutia Msaada Familia Iliyofikwa na Matatizo

Mtoto unayemkuta amelala stendi ya mabasi jijini Mwanza hakuianza safari yake siku alipopanda basi. Mara nyingi ilianza nyumbani, miezi au hata miaka kabla, kwa kipigo cha kila jioni, kifo cha mama, mlezi asiyemtaka, michango ya shule iliyokosekana, au njaa tu, na majirani walikuwa wakiona. Maelekezo haya ni ya jirani huyo, au mwalimu, au shangazi, ambaye ameona na hajui aanzie wapi.

Anza kwa kumsikiliza mtoto. Kaa naye mahali ambapo watu wanawaona lakini hawasikii mnachosema, kwa mfano barazani au chini ya mti, umuulize swali moja lililo wazi kama vile "Nyumbani kukoje?", kisha unyamaze, hata kama kimya hicho kitakuwa kirefu. Usimuulize kwa nini hakupiga kelele au kwa nini hakusema mapema, kwa sababu maswali hayo humfanya ajione yeye ndiye mkosaji. Asipotaka kueleza zaidi, usimshurutishe, maana atahojiwa tena na wahusika, na kila anaporudia huumia upya. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwani hiyo ni ahadi utakayolazimika kuivunja. Mwambie badala yake kwamba utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia. Mkishaachana, andika maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, bila kuongeza dhana yako.

Ikiwa ameumizwa vibaya au amebakwa, nenda naye hospitali moja kwa moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, hivyo kikao cha ukoo cha kuamua "tufanyeje" kinaweza kumgharimu mtoto afya yake. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zisifuliwe, bali zihifadhiwe kwenye bahasha ya karatasi. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Pasipo na kituo hicho, uliza Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Pasipokuwa na dharura ya namna hiyo, mfikishie taarifa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, au afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziwasilishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba unaingilia mambo ya nyumba za watu. Ukiogopa kuonekana ofisini, piga 116, namba ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo na ambayo mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.

Wengi huona ni rahisi zaidi kumchukua mtoto na kumpeleka kwenye makao ya watoto. Ninawasihi wasifanye hivyo. Mtoto anayeondolewa nyumbani bila ustawi wa jamii kuhusishwa anaweza kupotezana na ndugu waliokuwa tayari kumlea, na wewe mwenyewe unaweza kutuhumiwa kumtorosha. Mwombe afisa awaunganishe na shirika linalofanya kazi eneo lenu. Mwanza, kwa mfano, Railway Children Africa hushughulika na watoto wanaoishi mitaani pamoja na kuwaunganisha na familia zao, na Kivulini hushughulikia ukatili dhidi ya wanawake na wasichana. Dar es Salaam wapo KIWOHEDE, shirika linalosaidia wasichana wanaonyanyaswa na kutumikishwa, na Moshi kipo kituo cha Amani, kinachosaidia watoto wa mitaani.

Kwa shirika usilolijua, omba kuona cheti cha usajili na, kama linalaza watoto, leseni ya makao. Kisha uliza swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mtoto akipokelewa, mnaanza lini kuitafuta familia yake? Shirika linalojali litakueleza jinsi linavyomtembelea mzazi, linavyosuluhisha ugomvi, na pengine linavyomwezesha mama kupata mtaji wa genge au cherehani. Likikuonyesha vitanda vipya tu na picha za watoto kwa ajili ya wafadhili, tafuta jingine.

Kama mzazi si yeye anayemdhuru mtoto, mweleze mapema, kwa faragha na kwa heshima, ukianza na shida yake kabla ya kosa lake. Mama aliyeelemewa ataupokea ugeni wa afisa vizuri zaidi akisikia, "Mama Fulani, nimeona mzigo ulionao, kuna watu wanaoweza kukushika mkono," kuliko akishtukizwa mlangoni.

Mtoto akirudishwa nyumbani, muulize afisa au shirika ni lini watakuja kumtazama, uiandike tarehe hiyo. Wasipofika, wapigie. Wewe unayeishi jirani, pita mara kwa mara bila sababu maalumu, ukiangalia kama ameenda shule, kama amekula, na kama bado anakusalimia kama zamani.