Namna ya kumhoji afisa masuuli katika Kamati ya Hesabu za Serikali

Mheshimiwa mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameapishwa alinijia mezani jioni moja akiwa amekumbatia taarifa ya mkaguzi kwa mikono miwili. Kikao kilikuwa kesho yake saa nne asubuhi, naye alikuwa amefika ukurasa wa arobaini. "Mama, hii nitaimalizaje?" Nikamwambia hataimaliza, na haina haja. Nilimchagulia kurasa sita. Kesho yake aliuliza maswali matatu tu, na la pili ndilo lililozaa pendekezo la kwanza katika taarifa yetu ya mwaka ule.

Nilikuwa katibu wa kamati ya hesabu kwa miaka 19. Nimeona wabunge hodari wakitoka mikono mitupu, na wengine wasiojulikana kwa kusema sana wakirudisha fedha za umma hazina. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyokuwa nikiwaeleza kwenye korido, dakika chache kabla ya mlango kufungwa. Nayaandika kwa sababu kikao hiki ni mojawapo ya mahali pachache ambapo afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa wizara au taasisi aliyesaini malipo, anakaa uso kwa uso na wawakilishi wa watu waliolipa kodi.

Anza na ya mwaka jana

Usifungue taarifa ukurasa wa kwanza. Tafuta jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Kila pendekezo huwa na hali yake: limetekelezwa, linatekelezwa, halijatekelezwa. Weka alama kwenye kila "linatekelezwa" lililodumu zaidi ya mwaka mmoja. Hapo ndipo penye kazi yako. Hoja mpya, yaani dosari aliyoiandika mkaguzi, inaweza kuwa ni uzembe au bahati mbaya, lakini hoja inayojirudia mwaka wa tatu ni uamuzi wa mtu.

Kisha soma maoni ya mkaguzi, na hapa naomba uwe mwangalifu sana. Hati safi haisemi kwamba fedha zilitumika vizuri. Inasema hesabu zilizoletwa zinaonyesha hali halisi bila makosa makubwa. Mashine ya hospitali ikinunuliwa, ikalipiwa kwa kufuata taratibu, ikaandikwa kwenye rejista ya mali, kisha ikakaa ndani ya sanduku lake miaka miwili kwa kukosa umeme unaofaa, hesabu zake zinaweza kuwa safi kabisa. Wagonjwa hawajaona kitu. Afisa masuuli akianza maelezo yake kwa kusema "tumepata hati safi kwa mwaka wa nne mfululizo," mpongeze kwa dhati, kisha umuulize kuhusu mashine. Hati yenye shaka, hati mbaya, na pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kabisa, hizo zinajieleza zenyewe. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana mara nyingi mkaguzi alikosa nyaraka za kutosha hata kuweza kusema lolote.

Cha tatu ni majibu ya menejimenti, yale yanayochapishwa chini ya kila hoja. Yasome kwa kalamu mkononi. Yapo majibu yanayokana hoja na yapo yanayoikubali na kuahidi. Ahadi zote ziandike pembeni pamoja na tarehe.

Safu tatu za tarakimu

Kwa kila fungu, yaani bajeti ya wizara au taasisi moja, andika tarakimu tatu: kilichoidhinishwa na Bunge, kilichotolewa na hazina, na kilichotumika. Pengo kati ya ya kwanza na ya pili si la afisa masuuli aliye mbele yako; hakupewa fedha. Nimeona wajumbe wakimfokea katibu mkuu saa nzima kwa mradi ambao hazina haikuutolea fedha, naye akitulia tu akisubiri muda uishe, kwa sababu kila dakika iliyopotea hapo ilikuwa imempunguzia swali halisi. Pengo lake ni lile kati ya ya pili na ya tatu, na hasa namna lilivyozibwa. Angalia malipo ya wiki za mwisho za mwaka wa fedha. Idara iliyokuwa imetumia nusu ya fedha zake kwa miezi 11, kisha ikamaliza zote kwa wiki tatu, inapaswa kuonyesha ilinunua nini, na bidhaa hizo zilipokelewa na nani, siku gani.

Kaa na mkaguzi kabla ya kikao

Hili halina mbadala. Mkaguzi anajua zaidi ya alichokiandika, kwa kuwa anaandika kile tu alichokithibitisha. Omba kikao cha faragha siku moja kabla, na muulize jambo moja kabla ya yote: ni nyaraka zipi uliziomba hukupewa, na uliziomba tarehe gani?

Tarehe ndiyo silaha. Siku ya kikao utaambiwa, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nyaraka zimepatikana na tumekuja nazo." Masanduku yataingizwa. Kamati nyingi hufurahi na kuifuta hoja papo hapo, nami nilishuhudia likifanyika mara mbili nikiwa mgeni kazini. Mara ya tatu taasisi moja ilileta masanduku manne ya hati za malipo zilizokuwa hazionekani wakati wote wa ukaguzi. Nilichukua jalada moja kulipanga kwa ajili ya kumbukumbu. Stakabadhi za muuzaji mmoja zilikuwa na tarehe zilizotapakaa ndani ya miezi minane, lakini namba zake zilifuatana moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, na mwandiko ulikuwa ule ule kwa kalamu ile ile. Ina maana kwa miezi minane muuzaji yule hakuwa na mteja mwingine hata mmoja. Nilimwandikia mwenyekiti kipande cha karatasi. Akasimamisha kikao, akaagiza masanduku yakabidhiwe kwa mkaguzi kwa orodha iliyosainiwa, na yahakikiwe ndani ya siku 14.

Tangu siku hiyo tukaifanya kanuni yetu: kamati haipokei ushahidi mpya mezani. Unakwenda kwa mkaguzi, unahakikiwa, unarudi. Ukichukua jambo moja tu katika haya yote, chukua hilo.

Nguvu ya kamati kusimama juu ya kazi ya mkaguzi inaonekana vizuri katika suala la akaunti ya Tegeta Escrow nchini Tanzania, iliyotunza fedha za mgogoro kati ya shirika la umeme na kampuni binafsi ya kufua umeme. Taarifa ambayo kamati iliiwasilisha bungeni Novemba 2014 ilijengwa juu ya ukaguzi maalumu wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Bunge likapitisha maazimio, na mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu. Hotuba peke yake haifiki huko.

Swali fupi, na unyamaze

Gawaneni hoja mapema. Mjumbe mmoja, hoja moja, mpaka iishe. Kamati ambamo kila mjumbe anarukia hoja yake inampa anayehojiwa nafasi ya kujibu lile rahisi na kuliacha gumu.

Usiulize kama sera ni nzuri au mbaya. Sera ni ya waziri, na inajadiliwa ukumbini. Aliyeitwa hapa ni mtendaji mkuu aliyekabidhiwa fungu kwa jina lake, na swali lako linahusu saini yake. Mpangilio wangu ulikuwa huu: kilitakiwa kifanyike nini, kilifanyika nini, nani aliidhinisha, hasara ni kiasi gani, kimerudishwa kiasi gani, na uthibitisho uko wapi. Swali la "kwa nini" liweke nyuma, ukishazipata hizo. Ukianza nalo utapewa historia ya wizara.

Kila swali liwe sentensi moja. Ukishauliza, nyamaza. Kimya kinatisha, najua, na mjumbe mwenye huruma hutaka kukijaza kwa kumsaidia mtu jibu. Mwache alitafute mwenyewe.

Yako majibu ambayo utayasikia kila mwaka, na ni vizuri uende ukiwa na swali la kufuatia.

"Suala hilo tumelipokea na tunalifanyia kazi." Uliza: amekabidhiwa nani, kwa barua ya tarehe gani? Kama barua haipo, hakuna anayeifanya kazi hiyo.

"Mimi nimeripoti ofisini miezi miwili iliyopita." Huenda ni kweli, na usimdhalilishe mtu kwa kosa asilolitenda. Lakini ofisi haikuanza siku aliyoingia. Omba taarifa ya makabidhiano, uone kama hoja hii imo. Kama haimo, mtangulizi wake aitwe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 226, imeliweka hili wazi: mtumishi wa umma anayeelekeza au kuidhinisha matumizi kinyume cha sheria anawajibika kuifidia hasara, awe bado yuko ofisini au ameondoka. Hata kama sheria ya nchi yenu haisemi hivyo kwa maneno hayo, kustaafu au kuhamishwa kusiwe mlango wa kutokea.

"Suala liko mahakamani." Omba namba ya kesi na wadaawa. Mara kadhaa tuligundua kesi inahusu ajira ya mhasibu, si fedha zilizopotea. Na hata pale ambapo kesi ni ya fedha hizo hizo, unaweza kuuliza udhibiti uliovunjika umerekebishwaje, bila kugusa hatia ya mtu yeyote.

"Ni masurufu tu, yatarejeshwa." Masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi kwa safari au kazi maalumu, yana muda wake wa kurejeshwa. Uliza kama mtu yule yule alipewa mengine kabla ya kurejesha ya kwanza. Jibu hili huonyesha haraka sana hali ya kitengo kizima cha fedha.

Kuandika pendekezo

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri inapopotelea, na inaniuma kulisema kwa kuwa rasimu nyingi niliziandika mimi. Kwa miaka yangu ya mwanzo niliandika, "Serikali iangalie uwezekano wa kuimarisha usimamizi." Hakuna mtu anayeweza kuulizwa kwa sentensi hiyo. Pendekezo linalofaa lina mtu kwa cheo chake, kitendo kimoja, tarehe, na atakayethibitisha: afisa masuuli arejeshe fedha hizi kwenye akaunti ya mradi ifikapo siku hii, na mkaguzi ahakiki taarifa ya benki. Mapendekezo kumi ya namna hiyo yanatosha. Tuliwahi kutoa zaidi ya mia moja kwa mwaka mmoja, na tulipoteza uwezo wa kuyafuatilia.

Muda nao unaua. Katiba ya Kenya inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe taarifa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea. Katiba ya Uganda inalipatia Bunge miezi 6. Yote hayo ni kwa sababu hoja inazeeka: mashahidi wanahama, majalada yanahamishwa stoo, wakandarasi wanafunga kampuni. Kama kamati yako ina viporo vya miaka mingi, usiifuate foleni. Hoji taarifa mpya kwanza, wahusika wakiwa bado wapo, na viporo vifunge kwa mafungu, ukibakisha zile hoja tu ambazo fedha yake bado inaweza kurudishwa.

Uingereza, ambako kamati ya aina hii ilianzishwa mwaka 1861 Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, mwenyekiti hutoka upinzani, na serikali hujibu kila pendekezo kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya miezi miwili: tumelikubali au tumelikataa, na litatekelezwa lini. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya ukaguzi ilirekebishwa mwaka 2018, na sasa afisa masuuli anayepuuza maagizo ya mkaguzi anaweza hatimaye kudaiwa hasara hiyo yeye binafsi. Kama bunge lenu halina hata moja kati ya hayo, bado unaweza kulijenga kwa mkono.

Nunua daftari. Ukurasa mmoja kwa kila taasisi, na safu nne: pendekezo, nani, lini, nimeonyeshwa nini. Safu ya nne usiijaze kwa maneno ya mtu. Ijaze kwa karatasi uliyoiona. Likizo ya Bunge ikiisha, kabla ya ratiba ya vikao kupangwa, mpelekee katibu wa kamati orodha ya safu ya nne zilizo tupu na mwombe aiweke kuwa ajenda ya kwanza ya kila taasisi, juu ya taarifa mpya. Mwombe pia aitume kwa afisa masuuli wiki mbili kabla. Nilipoanza kufanya hivyo, fedha kadhaa zilirejeshwa kabla ya siku ya kikao, na risiti za benki zikatangulia kufika ofisini kwangu.