Kuchora mti wa ukoo wa kirusi: tuanze na chikungunya

Homa ikikupata Moshi, neno la kwanza kinywani ni malaria. Lakini watafiti waliopima wagonjwa wa homa waliolazwa hospitalini hapa mjini mwaka 2007 na 2008 walikuta zaidi ya nusu wameandikiwa malaria, huku waliokuwa nayo kweli hawafiki 2 kati ya 100. Wenye chikungunya walikuwa karibu 8 kati ya 100. Ndiyo maana vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawaanzishia na kirusi hiki. Tena ni cha nyumbani: kilitambuliwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde, kusini kabisa mwa nchi, na jina lake ni la Kimakonde, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mtu.

Kuchora mti huo, yaani mchoro unaoonyesha virusi vipi ni ndugu wa karibu na vipi wa mbali, kompyuta ya kawaida inatosha. Jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya urithi, ina herufi (A, C, G na T) kama 11,800 tu.

Hatua ya 1: Kusanya. Ingia GenBank, hifadhi ya jenomu iliyo wazi mtandaoni, pakua jenomu kamili 60 hivi za nchi na miaka tofauti. Ongeza moja ya o'nyong-nyong, nduguye wa karibu aliyejulikana Uganda mwaka 1959. Huyo ndiye atakayekuonyesha shina la mti liko wapi.

Hatua ya 2: Hakiki tarehe na mahali. Hapa usiwe na haraka. Kila jenomu ipe jina lenye nchi, mji na tarehe, ukianza na mwaka: 2005-03-04. Ukiandika 03/04/05, mmoja atasoma Machi, mwingine Aprili. Na tarehe unayoitaka ni ya siku mgonjwa alipotolewa damu. Niliwahi kupokea sampuli ambayo kibandiko chake kilikuwa na tarehe ya kufika maabara, kumbe ilikwishakaa kwenye friza miaka minne. Tulikuja kugundua hatua ya 5, tukarudi kufukua daftari la wodi. Wiki nzima ilipotea.

Hatua ya 3: Panga herufi zilingane, kwa programu ya MAFFT. Faili la chik.fasta ndilo lenye jenomu zako zote.

`mafft --auto chik.fasta > chik_panga.fasta`

Kisha fungua faili kwenye AliView, programu ya kutazama jenomu zilizopangwa, uangalie kwa macho yako. Ncha mbili za jenomu mara nyingi zina mapengo, zikate.

Ukiwa hapo, nenda kwenye jeni ya E1, inayotengeneza protini ya ganda la nje la kirusi, asidi amino ya 226 (kila herufi tatu hutaja asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha protini). Sampuli za zamani zina GCG, yaani alanini. Nyingi za kisiwa cha Réunion za mwaka 2006 zina GTG, yaani valini. Herufi moja tu, C imekuwa T, na kirusi kikapata uwezo mkubwa zaidi wa kukua ndani ya mbu aina ya Aedes albopictus, ambaye ndiye aliyejaa kisiwani. Zaidi ya watu 250,000 waliugua. Mimi kila nikiifungua nafasi hiyo huwa natulia kidogo.

Hatua ya 4: Chora mti, kwa programu ya IQ-TREE.

`iqtree2 -s chik_panga.fasta -m MFP -B 1000 -o ONNV`

Badala ya ONNV weka jina ulilompa o'nyong-nyong. Kila tawi hupewa alama ya uhakika hadi 100; lenye alama chini ya 95 usilitegemee. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. Programu itaendelea ilipoishia.

Hatua ya 5: Pima saa, yaani kama mabadiliko ya herufi yanaongezeka kwa mwendo sawa kadiri miaka inavyopita. Mtoe o'nyong-nyong, chora tena bila sehemu ya `-o`, kisha peleka mti kwenye programu ya TempEst pamoja na tarehe. Itachora kila jenomu kama nukta: tarehe yake, na umbali wake kutoka kwenye shina. Nukta zikipanda pamoja na miaka, unaweza kukadiria lini matawi yaliachana. Nukta iliyokaa peke yake mbali na mstari ina jambo: ama tarehe ni mbovu, ama kirusi kilikuzwa mara nyingi maabara kikajipatia mabadiliko yasiyotoka kwa wagonjwa. Sampuli yetu ya friza ilijitokeza hapa.

Hatua ya 6: Soma mti. Wengi hukosea mahali pawili. Kwanza, wakiona valini ile kwenye matawi mawili wanasema ni ndugu. Hapana. Badiliko hilo lilizuka zaidi ya mara moja, India likajitokeza lenyewe bila kutoka Réunion. Udugu usomwe kwa jenomu nzima.

Pili, tuseme sampuli yako ya Moshi imekaa ndani ya kundi la Mombasa. Usikimbilie kuandika kwamba ugonjwa umetoka Mombasa. Je, una sampuli ngapi za Tanga? Za Dar es Salaam? Kama hakuna hata moja, huenda ulipita huko na mti hauna namna ya kukuonyesha. Mimi pembeni ya kila mti naandika idadi ya sampuli za kila mji, sifuri zikiwemo, kabla sijampa daktari yeyote.