Kunyoosha Dari ya Jiko Iliyobonyea Katika Nyumba ya Zamani

Katika nyumba za zamani hapa Moshi, dari ya jiko ikibonyea, wengi humwita fundi ajaze plasta mpaka ionekane sawa. Usikubali. Plasta nzito huzidisha mzigo kwenye mbao zilizokwisha kuchoka, na masika yakipita nyufa hurudi palepale. Zinyooshwe mbao kwanza.

Zima umeme kwenye meni swichi, kisha panda darini na tochi, ukikanyaga juu ya mbao tu. Tafuta michirizi ya maji chini ya misumari ya bati, na uchome kila mbao kwa bisibisi, kwani iliyoliwa na mchwa huiruhusu izame bila nguvu. Bati linalovuja lizibwe kabla ya kazi nyingine yoyote. Ukikuta bodi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji, na nyumba ni ya miaka mingi, usizikate wala kuzitoboa kabla hazijachunguzwa na mtaalamu, kwa kuwa huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Bodi za zamani zikishaondolewa, pima usawa kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Toa mapovu yote, kwa maana hata povu moja huharibu kipimo. Mwenzako ashike ncha moja kwenye kona ya kwanza, wewe uipeleke nyingine kona kwa kona, na kila maji yanapotulia uweke alama ya penseli ukutani. Kutoka usawa wa alama hizo pima kwenda juu hadi kwenye kila mbao: penye umbali mfupi kuliko kote ndipo palipobonyea zaidi, na fremu mpya ya mbao itakaa chini kidogo ya hapo. Hamishia usawa huo kwenye kuta zote na uvute nyuzi.

Funga kwa skrubu mbao kavu za inchi 2 kwa 2, zilizopakwa dawa ya mchwa, ubavuni mwa zile za zamani, ukingo wa chini ukiugusa uzi bila kuusukuma. Wapo wanaoziachanisha kwa sentimita 60. Kwa jiko nashauri 40, kwa sababu mvuke hulegeza bodi za jipsamu, na ncha za bodi ya sentimita 120 kwa 240 bado zitaishia juu ya mbao.

Bodi zifungwe kwa skrubu kila sentimita 15 hadi 20, kichwa kikizama kidogo bila kuchana karatasi ya bodi. Maungio yabandikwe tepu na kupakwa jipsamu ya unga kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Piga msasa, pakaza praima, kisha rangi inayooshika, maana masizi ya jikoni yatahitaji kufutwa mara kwa mara.