Abu Simbel kwa siku moja ukitokea Aswan

Wanaoenda Misri mkifika Aswan msiyaache mahekalu ya kale ya Abu Simbel, inawezekana kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ni kama kilomita 280 hivi kusini, masaa matatu na kitu kwenda na mengine kurudi, jangwa tupu njia nzima, kwahiyo magari mengi ya utalii yanatoka alfajiri saa kumi au kumi na moja, omba hoteli wakufungie kifungua kinywa usiku uleule maana ukiamka jiko bado limefungwa.

Sasa dili lenyewe ni hili: magari yanafika karibu pamoja na watu wote wanakimbilia hekalu kubwa la Farao Ramses wa Pili, wewe anza na lile dogo la mkewe Nefertari, utalikuta halina watu wengi, afu kubwa unarudi wengine wakianza kupungua. Mwongoza watalii haruhusiwi kuelezea mle ndani, anamaliza maelezo nje, so msikilize kabla hujaingia la sivyo utatoa macho tu ukutani.

Halafu zunguka upande wa Ziwa Nasser uangalie kile kilima, ni cha kutengeneza bana! Bwawa la Aswan lingezamisha kila kitu, 1964 hadi 1968 wakayakata mahekalu vipande wakayapandisha juu kama mita 65. Mimi hapo ndo nilikaa sana kuliko hata kwenye masanamu.

Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua linaingia mpaka chumba cha ndani kabisa cha hekalu kubwa, ila watu ni nyomi. Kofia na maji lazima.